Sola Iliyogawanywa Kama Nyama

Vijana wa idara ya ujenzi waliniandalia chakula cha kuniaga, wakanipa blanketi na saa ya ukutani. Tulipokuwa tukiagana, mmoja wao akanishika mkono akaniambia, "Mathe, hizo stori zako za sola usiende nazo home. Tuandikie." Haya, nimeketi, nimeandika. Habari za kupandishwa vyeo nitaziruka, kwa sababu zenyewe zilikuwa na tabia ya kuniruka mimi. Mshahara nao tuuache mahali ulipo, msije mkalia kabla hatujaanza.

Nilikuwa fundi wa stima wa kaunsili tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nyumbani kwetu ni Kitengela. Wazazi wangu walihamia hapo kutoka Murang'a wakati swara walikuwa bado wanapita nyuma ya choo. Siku ya kwanza kazini nilifika Kajiado nimevaa ovaroli mpya, nimebeba bisibisi, plaisi na testa kwenye kiondo cha mama. Karani wa mapokezi alinitazama kuanzia juu hadi chini, akainuka, akanipa birika la stima. "Chai ya wakubwa ni saa nne," akasema. Nililigeuza lile birika nikaona waya wake umeungua karibu na plagi. Nikaukata, nikauunga upya, nikachemshia maji kuhakikisha, kisha nikamrudishia. "Limepona," nikamwambia. "Chai utapika mwenyewe." Tulikuja kuwa marafiki baadaye, lakini si mwaka huo.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mzee Abdi. Watu wake ni wa Garissa, kaka yake aliuza mbuzi Kitengela, na yeye mwenyewe alikuwa ndiye daktari wa jenereta zote za kaunsili. Alikuwa mrefu, mkavu, hana haraka. Tulipofika shule yoyote yenye jenereta hakufungua hata kifuniko kabla ya kuisikiliza jenereta, kichwa kakiinamisha upande. Nikikimbilia spana, alinizuia. "Ngoja kwanza iseme. Wewe uko na mkono mbio sana, msichana. Hii kitu ikiwa gonjwa itakwambia." Alinifundisha kuchuja dizeli kwa kitambaa cha pamba, kutoweka spana mchangani hata mara moja, na kutomwamini mwalimu mkuu yeyote anayesema jenereta "imezima yenyewe tu." Nyinyi mnaotembea na kompyuta, fanyeni mpendavyo, lakini kitambaa cha pamba msikidharau.

Kazi yetu kubwa ilikuwa shule za bweni zilizo mbali na lami. Huko stima haikuwa imefika. Jenereta ndiyo iliyovuta maji kisimani na kuwasha taa za masomo ya jioni. Maji ya upande ule yana chumvi. Yanaganda ndani ya pampu kama uji uliosahauliwa sufuriani, na kila mara tulilazimika kuitoa, kuikwangua na kuirudisha. Niliwahi kukuta nyoka amejikunja kwenye kisanduku cha fyuzi, ametulia, anaota joto. Mzee Abdi akasema huyo ndiye mfanyakazi pekee wa kaunsili anayefika kazini mapema. Mbuzi walitafuna waya zetu. Na dizeli ilikuwa na ugonjwa wa kupungua njiani, ugonjwa ambao sisi mafundi hatukuweza kuutibu, kwa sababu haukuwa kwenye mashine.

Shule niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya bweni ya wasichana, ukiacha lami pale Kisaju na kuingia ndani kabisa. Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Naisiae, Mmaasai wa huko huko, mama mfupi mwenye sauti ya chini ambayo ilimfanya kila mtu anyamaze ili amsikie. Wengi wa wasichana wake walikuwa watoto wa kawaida waliotoka mbali. Lakini walikuwapo wengine ambao likizo ilipofika hawakwenda popote. Hao walikuwa wamekimbia kuozwa. Bweni likifungwa, wao hawana pa kurudi isipokuwa kwa mume waliyemkimbia. Mwalimu Naisiae hakulizungumza jambo hilo kwa wageni. Mimi nililijua kwa sababu nilienda kurekebisha taa wakati wa likizo nikawakuta wanafua, wanaimba, shule nzima ni yao.

Ukaja ule ukame wa mwaka wa elfu mbili. Ng'ombe wakaisha, wazazi wakashindwa na karo, na kaunsili nayo ikakosa pa kukusanya ushuru maana minada ilikuwa imekufa. Kamati ya elimu ikaketi kuangalia bajeti ya shule, na kila walipoigeuza waliikuta dizeli imekaa katikati, imenenepa, inakula mgao wa madawati na vitabu. Ndipo likaja wazo la kununua sola ya kuvuta maji na kuwasha taa katika ile shule ya wasichana, ili dizeli ifutwe. Madiwani walibishana mpaka chai ikapoa. Wengine walitaka tusubiri stima, kwa kuwa stima ilikuwa inakuja. Stima ilikuwa inakuja tangu niajiriwe, na ilikaribia zaidi kila uchaguzi ulipokaribia.

Mwishowe walikubali. Dizeli ya shule ile ikafutwa kwenye bajeti, sola ikapitishwa, tukapiga makofi. Mimi nilirudi Kitengela siku hiyo natabasamu peke yangu kama mtu aliyechumbiwa.

Mzigo ulipofika kwenye yadi yetu ulikuwa kamili: paneli, betri, pampu, kisanduku cha kuiongoza pampu, vyuma na nyaya. Sasa, lazima niwaeleze desturi ya kaunsili, maana nyinyi mmekuja wakati mwingine. Kitu chochote kilichoshushwa pale yadi kiligawanywa kwa wadi. Mabati yakija, kila diwani anapata yake. Simiti ikija, kila diwani anapata yake. Ilikuwa haki, na iliepusha vita. Basi madiwani wakaja, wakauzunguka ule mzigo, na kwa moyo mweupe kabisa wakaugawanya. Paneli zote zikaenda wadi ya Diwani ole Mutunkei, mwenyekiti wa kamati ya elimu. Pampu na kisanduku chake zikaenda kwa Diwani Mwaura wa Kitengela mjini, ambako shule zina maji ya bomba na stima ya nguzo. Betri zikapewa upande wa Magadi. Shule ya wasichana, ambayo kitu kilinunuliwa kwa ajili yake, ikapata vyuma na nyaya.

Nilidhani wanatania. Nikaomba ruhusa ya kusema mbele ya kamati, nikawaeleza habari za volti na ampia, na jinsi paneli bila pampu ni kioo cha kuanikia mahindi tu. Diwani mmoja alisinzia. Ole Mutunkei hakusinzia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akasema, "Fundi, nimekuelewa. Lakini mimi nilichaguliwa na watu yangu. Ng'ombe yao imekufa yote. Wameona lori ya kaunsili imekuja. Nikirudi nyumbani mikono hivi," akainyoosha mikono yake mitupu, "watauliza mimi ni mzee ya nini. Mwaka wa kura wataniondoa." Alikuwa anasema ukweli.

Hali ikawa hivi: dizeli imefutwa kwa sababu ya sola, na sola imegawanywa kama nyama. Jenereta ilikuwa na mafuta ya kufikisha mwisho wa muhula. Baada ya hapo hakuna maji, na bila maji ofisi ya elimu ingefunga bweni. Nilimpelekea Mwalimu Naisiae habari hizo mimi mwenyewe. Niliogopa sana kumwambia. Alisikiliza, akafunga madaftari aliyokuwa akisahihisha, akauliza swali moja tu: "Paneli ziko kwa nani?" Nikamwambia. Kisha akasema, "Kesho asubuhi nipeleke huko. Si ofisini. Kwake nyumbani."

Tulitoka alfajiri, mimi, yeye na Mzee Abdi kwenye usukani wa Land Rover. Njiani nilikuwa nikipanga hoja. Mwalimu akanikataza. "Wewe leo usibishane na mtu. Hatuendi kubishana. Tunaenda kuomba."

Tulimkuta ole Mutunkei kwenye boma lake, mlangoni pa zizi, shuka mabegani, anaangalia ng'ombe wachache waliobaki, mbavu zao zinahesabika. Paneli zilikuwa zimeegemezwa ukutani, bado zimefungwa makaratasi. Mwalimu alimwinamishia kichwa, naye akamgusa utosini kama mtoto, ingawa Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshaanza kuota mvi. Mkewe akatuletea chai ya rangi, akiomba radhi kwamba maziwa hayapo. Tukanywa. Tukaulizana habari za mvua, za watoto, za wagonjwa. Mimi nilikuwa nakaribia kupasuka.

Ndipo Mwalimu akasema, kwa ile sauti yake ya chini, "Baba, wewe na marehemu baba yangu mliitana Pakiteng."

Yule mzee akaweka kikombe chini.

Mzee Abdi alinieleza baadaye, maana yeye alikuwa ameishi na watu wale miaka mingi. Mmaasai akikupa ng'ombe, mnaacha kuitana majina. Kuanzia siku hiyo kila mmoja humwita mwenzake Pakiteng, yaani mtu wa ng'ombe. Na ule uhusiano wenyewe huitwa osotua, jina lile lile la kiungamwana, kamba inayomlisha mtoto tumboni. Mwenye osotua akipungukiwa huenda kwa mwenzake akaomba, na mwenzake hutoa akiwa nacho, bila kuhesabu nani alimpa nani zaidi. Urafiki huo hurithiwa na watoto. Baba yake Naisiae ndiye aliyempa ole Mutunkei ng'ombe alipokuwa kijana maskini.

"Nimepungukiwa," Mwalimu akaendelea. "Niko na watoto wa kike hawana mahali pengine. Maji yao inaisha. Sikuja kwa diwani. Nimekuja kwa Pakiteng ya baba yangu. Naomba hiyo sola."

Ole Mutunkei alitazama zile paneli, akawatazama ng'ombe wake. Nilijua anachokifikiria, kwa kuwa alikuwa ametuambia kwenye kamati: watu wake na kura. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha nyingi. "Msichana yangu, ungekuja kaunsili ningekushinda. Kwa nini umekuja hapa?" Akamwita mwanawe wa kwanza amsaidie, wakazibeba wenyewe mpaka kwenye gari. Mkewe akasimama mlangoni akitazama, mikono kiunoni.

Hakuishia hapo. Alipanda Land Rover pamoja nasi, tukaenda kwa Diwani Mwaura Kitengela. Mwaura alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na pampu aliiweka dirishani pamoja na mabirika ya kuuza, si kwa nia mbaya, ila ilipendeza. "Mzee, hizo mambo za osotua mimi sijui," akasema. "Mimi ni Mkikuyu."

"Najua," ole Mutunkei akamjibu. "Ndiyo nimekuja mimi mwenyewe kukuomba. Mwenyekiti anakuomba mbele ya wateja wako."

Mwaura akakuna kidevu. Wateja walikuwa wameacha kuchagua misumari, wanasikiliza. "Sawa," akasema mwishowe, "lakini tangi ya shule iandikwe jina yangu." Tukakubali papo hapo. Jina lake liko kwenye lile tangi mpaka leo, herufi kubwa za bluu, kana kwamba yeye ndiye aliyeleta jua. Betri za Magadi hazikutusumbua kabisa. Diwani wa huko alisema afadhali mzichukue, katika joto lile hakuna aliyekuwa radhi kuzishusha garini.

Sasa sikilizeni sehemu ya kazi, maana mnaweza kuihitaji. Paneli haina swichi. Jua likiipiga tu, imeanza kutoa stima, na fundi anayeunga nyaya mchana bila kuifunika atajifunza haraka. Siku ya kufunga tulikuwa tumesahau turubai Kajiado. Nilisimama juu ya ngazi nikilaani kimoyomoyo. Ole Mutunkei, aliyekuja kutazama, akauliza shida ni nini. Nilipomweleza, akavua shuka lake jekundu akanirushia, akabaki na suti yake ya kaunsili. Walimu nao wakaleta mablanketi ya bweni. Nikafunika, nikaunga, Mzee Abdi akishika ngazi na kurudia, "Taratibu, taratibu." Uzee ulikuwa umeshamwingia machoni, nyaya zenyewe aliniachia mimi, na akasema wazi mbele ya watu kwamba mkono wangu sasa unazidi wake. Nimepewa barua za pongezi na wakubwa, sikumbuki zilisema nini. Maneno hayo ya Mzee Abdi nayakumbuka.

Nilipomaliza nilimwambia ole Mutunkei avute shuka lake mwenyewe. Akalivuta. Pampu ikaguna huko chini. Kwa kitambo hakukuwa na kitu, na Diwani Mwaura, naye aliyekuja kutazama, akaanza kunitazama kwa jicho baya. Mara bomba likakohoa, likatema tope, kisha maji yakaja, meupe, ya chumvi kidogo, yanaangukia kwenye tangi kwa kishindo. Hakuna jenereta, hakuna moshi. Tulikuwa tunasikiana tukiongea. Wasichana walipiga kelele mpaka ng'ombe wa jirani wakakimbia.

Ole Mutunkei alimgeukia Mwalimu mkuu akamwita kwa sauti kubwa: "Pasola!"

Mwalimu Naisiae, ambaye sikuwahi kumwona akipaza sauti, akamjibu, "Pasola!" Wazee waliokuwapo wakacheka hadi wakashika mbavu, maana jina hilo, mtu wa sola, halikuwahi kusikika tangu dunia iumbwe. Lakini lilishika. Tangu siku hiyo hawakuitana kwa jina jingine.

Muhula uliofuata bweni lilifunguliwa kama kawaida. Kamati ilibadilisha desturi yake kidogo: vifaa vya sola vikija, vinakwenda shule moja kwa zamu, vikiwa kamili, na wadi nyingine zinasubiri. Nilizifungia sola shule nyingi baada ya hiyo, upande wa Kisaju, hata zile za Nkoroi zilizochoka na stima ya kupotea. Mtu akiniuliza nimefanya nini maishani, namwonyesha mapaa ya shule hizo. Najivuna, ndiyo. Nimeshastaafu, ni nani atanikataza?

Ila ole Mutunkei alilipa. Uchaguzi ulipofika, mpinzani wake alizunguka wadi nzima akiwauliza watu, "Sola yenu iko wapi?" Mzee akashindwa vibaya. Shule ya wadi yake ilipata zamu yake baadaye, chini ya diwani mpya, ambaye alihutubia kwa muda mrefu siku ya ufunguzi. Mimi ndiye niliyefunga zile paneli, na niliona uchungu kila nilipokaza nati. Nilimwendea mzee nyumbani nikamwambia hivyo. Akaniambia, "Fundi, niliwaambia wataniondoa. Si waliniondoa? Basi sikuwa mwongo." Akanipa chai. Safari hiyo ilikuwa na maziwa.

Kisha, karibu na mwisho wa miaka hiyo ya elfu mbili, ukaja ukame mwingine. Nilikuwa pale shuleni, nimetoa pampu ya zamani, nimefunga mpya, najaribu mashine. Kamati ya shule ilikuwa imetoa amri kwamba maji ni ya watoto peke yao, mifugo ya watu isiingie, na kusema kweli ilikuwa amri ya busara, maana foleni ya ng'ombe wa wilaya nzima ingekausha kisima. Mlinzi alikuwa amefunga lango. Nje ya lango, kwenye vumbi, nikamwona ole Mutunkei amesimama na ng'ombe wake waliobaki. Mlinzi alikuwa mgeni, hakumjua. Mzee hakugonga, hakutaja jina lake wala udiwani wake wa zamani. Alikuwa ameegemea fimbo tu.

Nilimkimbilia Mwalimu Naisiae ofisini. Alitoka akiwa bado ameshika chaki, akaenda moja kwa moja mpaka langoni.

"Pasola," mzee akasema, na nilisikia jinsi ombi lilivyokuwa gumu kwake. "Nimepungukiwa. Naomba maji. Kama ni kidogo, sema, nitarudi tu."

Mwalimu akanigeukia mimi. "Fundi, jua liko?"

Nikatazama juu. Hakukuwa na hata kiwingu. "Liko, Mwalimu. Tele."

"Kamati itaniuliza mimi," akamwambia mlinzi. "Fungua lango."

Nilizungusha koki kwa mkono wangu mwenyewe, nikavuta mpira hadi kwenye birika la simiti la kufulia nguo. Ng'ombe walisukumana, wakakita vichwa, wakanywa kwa ile sauti nzito ya kiu. Wasichana wakasimama madirishani, darasa limesahaulika. Ole Mutunkei alikaa pembeni hadi ng'ombe wa mwisho alipoinua kichwa. Kisha akanijia karibu, akaniuliza polepole, wengine wasisikie:

"Fundi, maji ya watoto imebaki?"

"Imebaki, mzee. Tangi imejaa."

Hapo ndipo akaanza kuwaondoa ng'ombe wake.